Fedha Ndogondogo

Ndugu msomaji, Kiswahili chetu kimelitwika neno moja mizigo miwili. Neno lenyewe ni fedha. Fedha ni zile noti unazozikunja na kuzichimbia ndani ya soksi ukipanda daladala la Mbagala saa moja jioni, maana vibaka wa pale hawana dogo. Na fedha ni yale madini meupe ya kung'aa, ya pete na vikuku, ambayo bibi zetu waliyaficha chini ya godoro. Ile ya kwanza leo nitaiacha, kila mtu anailia vya kutosha. Nataka tuzungumze hii ya pili, tena ndogondogo. Ndogo kiasi kwamba konda akikurudishia kiganjani, utamgombeza kwamba hajakupa kitu.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kufunua ukurasa kutafuta hadithi ya mapenzi. Subirini kidogo, jamani. Hata humu kuna mapenzi, kuna usaliti, na kuna wengine wanauawa kimyakimya bila hata mtu kupiga yowe.

Nina mshikaji wangu tunayeshirikiana naye chumba Sinza. Yeye ni machinga, anauza soksi Kariakoo. Ana sauti nzuri yule bwana, angeweza kuwa mwimbaji wa dansi. Siku moja alikuja na mzigo mpya, pakiti zenye picha ya mguu unaometameta, na tangu siku hiyo wimbo wake ukawa mmoja: "Soksi hazinuki hizi! Vaa wiki nzima, hazinuki! Zina fedha ndani!" Watu walicheka, lakini walinunua. Nani asiyejua aibu ya kuvua viatu mlangoni kwa wakwe?

Mshikaji hakuwa anadanganya. Kwenye nyuzi za soksi za namna ile huwekwa chembe za fedha zinazoitwa chembe nano. Kazi yake ni kuua bakteria. Jasho lenyewe, ndugu yangu, halinuki. Harufu inaletwa na bakteria wanaokula jasho na kutoa vitu vyao vya kunuka. Ukiwaua, mguu unatulia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sasa wazungu wamegeuza methali, wameweka nguoni kitu kinachomla yule aliyekuwa anakula.

Mimi nilisomea kilimo ngazi ya diploma, katika chuo kimoja cha mikoani, kabla mji haujanimeza. Ndiyo maana jina la bakteria linaponifikia sikioni siwazi ugonjwa kwanza. Nawaza udongo.

Tuanze na udogo wenyewe. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe nano ni ile ambayo walau upande wake mmoja uko kati ya nanomita 1 na 100. Bakteria wa kawaida ana urefu wa nanomita elfu moja au mbili hivi. Kwa hiyo mbele ya chembe ya nanomita 20, bakteria ni kama tembo mbele ya panya. Utasema, panya atamfanya nini tembo? Ngoja.

Chukua kipande cha fedha chenye umbo la dadu, sentimita moja kila upande. Ukizipima nyuso zake sita, utapata jumla ya sentimita za mraba 6. Sasa kikate. Kikate na ukikate tena, mpaka upate vidadu vyenye nanomita 10 kila upande. Uzito ni uleule, hujaongeza hata punje. Lakini jumlisha nyuso zote za vidadu hivyo: mita za mraba 600. Hiyo ni kiwanja kizima cha mita 20 kwa 30, kile ambacho vijana wa Dar tunakesha tukikitafuta Kibaha na hatukipati! Kiwanja hicho chote kimo ndani ya dadu moja. Na kwa kuwa kila kinachotokea kati ya madini na maji hutokea usoni pake, fedha iliyosagwa hivyo inafanya mambo ambayo pete ya bibi haiwezi.

Inafanya nini? Ikikutana na maji na oksijeni, chembe inaanza kuachia ayoni za fedha, yaani atomu za fedha zilizopoteza elektroni. Ayoni hizi zina uchu na salfa. Na protini za bakteria zina sehemu nyingi zenye salfa, ndizo zinazoshikilia mashine zake za kupumulia na kulia. Ayoni inanasa pale, mashine inakwama. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice kule Houston, Marekani, waliwaweka bakteria pamoja na chembe za fedha mahali pasipo na oksijeni kabisa, ili ayoni zisitoke. Bakteria hawakudhurika. Kumbe panya hamli tembo. Panya anabeba sumu, anaiachia taratibu mlangoni mwa tembo.

Kwenye soksi, sawa. Hospitalini, sawa kabisa, tena ahsante. Kuna dawa za kupaka zenye fedha ambazo zimesaidia watu wengi walioungua moto. Mimi sina ugomvi na fedha inayofanya kazi yake pale ilipotumwa. Swali langu ni la kiswahili kabisa: soksi ikifuliwa?

Swali hilo waliliuliza watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Arizona State, na majibu yao yakatoka mwaka 2008. Walinunua soksi za aina sita madukani, wakaziloweka na kuzitikisa kwenye maji, kama mama anavyofanya kwenye beseni. Baadhi ziliachia mpaka mikrogramu 650 za fedha katika nusu lita ya maji. Nyingine zilishikilia fedha yake vizuri. Lakini kulikuwa na soksi ambayo baada ya kufuliwa mara nne ilikuwa imepoteza karibu fedha yake yote. Mara nne! Yaani mwenye soksi amerudi kunuka, na fedha ameshaisafirisha.

Imesafiri kwenda wapi? Katika miji ya wenzetu, maji ya kufulia huingia kwenye mabomba ya majitaka, yakafika mtamboni, yakachujwa, na kubaki tope. Tope hilo lina rutuba, kwa hiyo sehemu kubwa hupelekwa mashambani kama mbolea. Kwetu Sinza, maji ya kufulia yanaishia kwenye mtaro, au kwenye shimo ambalo likijaa linaitiwa gari la kunyonya. Mitaro ya Dar mingi inaelekea Msimbazi. Na wewe uliyekulia Dar unajua kwamba kwa miaka mingi bustani za mchicha zimenyweshwa maji ya Msimbazi. Njia ni tofauti, mwisho wa safari ni mmoja: udongo.

Sasa, udongoni kuna nani? Hapa ndipo ninapoomba msomaji uvue viatu, maana tunaingia nyumba ya watu. Kijiko kimoja cha chai cha udongo mzuri wa shamba kinaweza kuwa na bakteria wanaofika bilioni moja. Wapo wanaoozesha majani. Wapo wanaobadili amonia kuwa naitreti ambayo mmea unaweza kunywa. Na wapo wapenzi wa maharage, wanaoitwa rizobia.

Si niliwaahidi mapenzi? Haya. Hewa tunayovuta, asilimia 78 ni naitrojeni. Mmea unaihitaji naitrojeni kuliko karibu kitu kingine chochote kinachotoka udongoni, lakini hii ya hewani hauwezi kuitumia. Ni kama mtu aliyekaa katikati ya Ziwa Viktoria na mdomo umefungwa. Mharage unapoota, mizizi yake hutoa kemikali ya kumwita rizobia. Rizobia naye hujibu kwa kemikali yake. Wakikubaliana, mzizi unajikunja, unampokea ndani, unamjengea kinundu. Humo rizobia anaikamata naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Mmea nao unamlipa sukari. Ukichana kinundu kizima kwa ukucha, ndani ni chekundu cha kupauka, kama nyama, kwa sababu mna protini inayofanana na ile ya damu yetu. Maharage yana damu, jamani. Mara ya kwanza mwalimu alipotuonyesha chuoni, darasa lote lilinyamaza.

Basi leta madini katika nyumba hiyo, uone.

Kisa ninachokipenda, kwa maana ya kisa kisichoniacha nilale, kinatoka Woburn, Uingereza. Kuanzia mwaka 1942 hadi 1961, watafiti walimwaga tope la majitaka ya London kwenye vipande vya shamba kupima kama linafaa kuwa mbolea ya mboga. Hapo hapakuwa na habari ya chembe nano. Lakini tope lilikuwa na zinki, shaba, kadimi na wenzao. Mwaka 1961 wakaacha. Zaidi ya miaka 20 ikapita. Miaka ya 1980 wenzao wakapanda pale mmea mmoja wa jamii ya mikunde, klova nyeupe, bila kuupa mbolea ya naitrojeni. Majani yakawa njano, mavuno yakashuka kwa asilimia 60 kulinganisha na udongo uliowekewa samadi ya kawaida.

Wakang'oa. Sasa sikiliza vizuri. Vinundu vilikuwapo! Vidogo, vyeupe. Rizobia walikuwamo ndani, wamekaribishwa, wamejengewa nyumba, wanakula sukari. Lakini hawakuwa wakifanya kazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1988 na 1989 yalionyesha kwamba katika udongo ule rizobia wachapakazi walikuwa wamekwisha, wamebaki wa aina moja tu, wavumilivu wa madini na wavivu wa naitrojeni. Ndoa imebaki cheti. Bwana yupo nyumbani, anakula, halafu basi.

Hilo ndilo jambo ninalotaka ulishike, ndugu msomaji, hata kama mengine yote utayasahau. Udongo ulioumizwa na madini haupigi kelele. Hautoi harufu, haubadili rangi, hauui mmea siku hiyohiyo. Unaendelea kuonekana udongo. Hata bakteria unaweza kuwakuta humo kwa mamilioni. Kilichokufa ni kazi.

Utaniambia: hayo ni ya zamani, na madini yalikuwa mengi, na hayakuwa nano. Kweli. Ndiyo maana watu wameendelea kupima. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha jaribio walilolifanya nje, kwenye jua na mvua, si kwenye vichupa vya maabara. Waliweka udongo na mimea katika vyombo vikubwa, wakatia tope la majitaka lenye chembe za fedha kidogo sana: miligramu 0.14 kwa kila kilo ya udongo. Pembeni wakaweka vyombo vyenye tope lilelile bila fedha. Kwenye fedha, uzito wa vijidudu vya udongo ulikuwa pungufu kwa asilimia 35. Mmoja wa mimea waliyoipanda ulikuwa pungufu kwa asilimia 32. Na gesi ya naitrasi oksaidi, moja ya zile zinazoipasha dunia joto, ilitoka mara 4.5 zaidi. Miligramu 0.14, bwana! Ukiitia kwenye ncha ya sindano bado utaitafuta.

Mwaka mmoja kabla, wenzao wa California, Santa Barbara, walikuwa wamepanda soya kwenye udongo wenye chembe nano za aina mbili. Moja ni oksaidi ya zinki, ambayo hutiwa kwenye mafuta ya kujikinga na jua. Nyingine ni oksaidi ya siri, inayotumika kwenye dizeli. Siri ni jina la madini, usinicheke. Zinki ilipanda mpaka kwenye majani na maharage yenyewe. Siri ilipokuwa nyingi, vinundu karibu viache kabisa kukamata naitrojeni. Hadithi ya Woburn ileile, waigizaji wapya.

Sitaki kukutisha kwa uongo. Haki lazima itendeke hata kwa chembe. Katika mitambo ya majitaka, sehemu kubwa ya chembe za fedha hukutana na salfa na kugeuka salfaidi ya fedha, ambayo haiyeyuki kirahisi na sumu yake ni ndogo zaidi. Udongo wa mfinyanzi na mboji nao hushika ayoni nyingi zisizurure. Kwa hiyo si kila tone ni mauti. Lakini tofauti moja haiondoki: majani huoza, karatasi huoza, hata sumu nyingi za kutengenezwa na binadamu huvunjikavunjika kadiri miaka inavyokwenda. Madini hayaozi. Atomu ya fedha au ya shaba ikiingia shambani, mwaka kesho ni atomu ileile, na mjukuu wako ataikuta.

Nilimweleza mshikaji haya yote usiku mmoja umeme umekatika. Alisikiliza, kisha akasema: "Sawa msomi. Sasa mi nile nini?" Sikuwa na jibu la kumlisha. Kodi ya chumba inatoka kwenye zile pakiti kama inavyotoka kwangu. Akanyamaza, halafu akaniuliza jambo ambalo maprofesa hawakuniuliza: "Hivi kwenye boksi si wangeandika ni kiasi gani?" Nikamwambia kule Ulaya, tangu Julai 2013, kipodozi kikiwa na kiambato cha nano lazima neno hilo liandikwe kwenye orodha ya viambato. Akachukua pakiti, akaisoma kwa mwanga wa simu mbele na nyuma. Palikuwa na picha ya mguu.

Huenda ningeliacha jambo hili liwe la mjini, la soksi na mitaro, kama mwezi wa tano mwaka jana mama asingenipigia simu. Kwetu ni Kilimanjaro. Sikungoja Desemba kwenda kuhesabiwa kama Wachaga wenzangu, nikapanda basi.

Kihamba chetu kiko kama vihamba vingine: migomba juu, kahawa katikati, maharage na magimbi chini. Upande wa bondeni, kipande cha nusu eka kilikuwa cha kahawa tupu tangu enzi za babu. Kahawa ilipigwa mrututu kila msimu kuzuia chulebuni na kutu ya majani. Mrututu ni shaba. Wakubwa wanaukumbuka vizuri, ule ubluu kwenye majani, kwenye mashati, kwenye mikono ya wazee mpaka kanisani. Bila mrututu pengine babu asingesomesha mtoto hata mmoja. Lakini shaba haikuwa inaishia jani. Mvua iliiosha, majani yalidondoka nayo, ikakaa kwenye udongo wa juu. Watafiti walishapima mashamba ya zamani ya kahawa ya Kenya na ya huku kwetu Kilimanjaro, wakaikuta imejikusanya humo. Na shaba na fedha ni ndugu wa damu: katika jedwali la elementi zimekaa safu moja, fedha chini ya shaba. Mmea unaihitaji shaba kidogo mno. Ikizidi, bakteria na kuvu wanaiona sumu, na hiyo ndiyo sababu iliitwa dawa.

Bei ya kahawa ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, baba mdogo aliing'oa ile ya bondeni. Sasa alikuwa amepanda maharage ya kuuza, na maharage yalikuwa njano.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Haya, wewe uliyesomea mbolea, tuambie. Mbegu ni ileile aliyopanda mama yako pale juu, wiki ileile."

Nikachukua jembe. Nilichimba mashina kumi karibu na nyumba, penye samadi ya ng'ombe na ambapo kahawa haijawahi kukaa. Nikachimba kumi bondeni. Nikayaosha mizizi kwenye mfongo, nikayapanga kwenye jani la mgomba, safu mbili. Ya juu yalikuwa na vinundu vinono. Nilivichana mbele yao, vyekundu. Mama akasema "Hee!" kama sisi tulivyonyamaza chuoni. Ya bondeni yalikuwa na vinundu pia, vidogovidogo, vimetawanyika. Nikavichana. Vyeupe, vingine kijani cha kufifia.

Sikuwaambia "ni shaba" pale pale. Maharage hugoma pia kwa asidi na kwa ukosefu wa fosforasi, na udongo wa kahawa ya zamani mara nyingi una yote mawili. Tulichota udongo wa pande zote mbili tukaupeleka kupimwa, tukalipa sisi wenyewe kwa kuchangishana. Majibu yalionyesha asidi zaidi kule bondeni, na shaba mara kadhaa ya ile ya juu. Tukakubaliana hatua ya kwanza ni chokaa na samadi nyingi. Asidi ikipungua, shaba nayo inashikwa zaidi na udongo, haizururi. Haitaondoka, ila itatulia.

Lakini jambo zito lilikuwa lingine. Baba mdogo alikuwa ameshakata shauri kuhamishia nyanya kule juu, karibu na nyumba, kwenye ule udongo wa vinundu vyekundu. Na kwenye duka la pembejeo alikuwa ameahidiwa dawa mpya ya baka jani. Ya shaba vilevile, ila "ya kisasa, chembe ndogo sana, unatumia kidogo inafanya kazi kubwa". Alikuwa na watoto wawili sekondari. Nyanya ndiyo ilikuwa ada.

"Unatumia kidogo," alinikumbusha. "Si ni afadhali kuliko mrututu wa babu yako?"

Kwa uzito, ni afadhali, na nilimkubalia. Kisha nikamweleza habari ya dadu na kiwanja cha 20 kwa 30. Nikamweleza kwamba kidogo cha leo kinakaa, cha kesho kinakaa juu yake, na kwamba babu naye kila msimu alitumia kidogo. Haba na haba ilijaza kile kibaba cha bondeni. Baba mdogo si mtu wa kubishana kwa sauti. Alikaa kwenye jiwe akiyatazama yale mashina kwenye jani la mgomba.

Mama ndiye aliyemaliza kikao. Alisema: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni wenu jembe hashiki, na nyumbani kwao harudi. Halafu anamnyang'anya mwenyeji jembe lake. Mimi hapa mlangoni kwangu simtaki."

Nyanya zikalimwa bondeni, kwenye matuta ya samadi, zikaegemezwa kwenye fito, majani ya chini yakapogolewa ili upepo upite, nyasi zikatandazwa matone yasirushe udongo. Dawa ilipigwa mvua zilipokuwa zimekaba tu, mara chache. Baba mdogo alipoteza sehemu ya nyanya, sitawaficha, na ada ya muhula mmoja ilibidi tuchangiane tena. Maharage ya juu yalivunwa, na yamepandwa tena.

Wenzangu mnaojifunza kuandika, nimewaletea hili kwenye gazeti letu dogo kwa sababu moja. Sisi tunaandika vilio vya watu wanaoweza kulia. Ni vizuri, tuendelee. Lakini wapo wanaotulisha ambao hawana mdomo, hawana sura, na vifo vyao havitangazwi redioni. Majina yao katika Kiswahili hayajachongwa, inabidi tuyachonge sisi. Nani mwingine atayachonga? Mwandishi wa boksi la soksi?

Na wewe usiyeandika, una kazi nyepesi zaidi. Ukiwa Kariakoo, au dukani kwa wauza pembejeo, au kwenye duka la vipodozi, ukaona pameandikwa "huua bakteria", usiondoke. Muulize muuzaji kwa adabu, hata kama ni mshikaji wangu: bakteria gani? Na baada ya hapo inakwenda kuua wapi?